Kava la chini ya injini lirudishwe mahali pake

Magari madogo mengi yanayotoka Japani hushuka bandarini Dar es Salaam na Mombasa yakiwa na kava la plastiki chini ya injini. Haichukui muda, kava hilo linatoweka. Si kwamba limeanguka njiani. Linafunguliwa siku ya kumwaga oili, linaegemezwa ukutani gereji, na gari linatoka bila hilo. Mwenye gari akiuliza, hupewa majibu matatu, yote kwa uhakika mkubwa: plastiki hiyo ni ya nchi za theluji, inazuia injini isipate hewa, na inaficha oili ikivuja. Jibu la tatu lina ukweli ndani yake, nami nitalifikia. Mawili ya kwanza hayana, na ubaya wake ni kwamba yanageuza uamuzi wa kuokoa dakika chache za fundi uonekane kuwa ushauri wa kitaalamu kwa mteja. Msimamo wangu ni kwamba kava hilo lina kazi, kazi hiyo ni nzito zaidi kwenye barabara zetu kuliko kule lilikotengenezwa, na anayelitoa huwa amehamisha gharama tu: kutoka kwenye muda wake kwenda kwenye mfuko wa mwenye gari, miezi mingi baadaye, bila mwenye gari kujua anacholipia.

Litazame lenyewe kwanza. Ni bapa jepesi la plastiki, linaloanzia nyuma ya ukingo wa chini wa bampa, likapita chini ya rejeta na kuishia karibu na mwisho wa injini. Kwenye magari mengine lina vipande viwili au vitatu, pamoja na kile cha pembeni, ndani ya tairi la mbele, kinachoziba puli ya krenki. Hushikwa na bolti ndogo na pini za plastiki, na hizo pini ndizo zinazobeba hatima ya kava zima. Pini ina sehemu mbili: ala inayoingia kwenye tundu, na kijiti cha katikati kinachoitanua ala isitoke. Ukikizungusha kijiti kidogo au kukiinua kwanza, kutegemea aina yake, ala inasinyaa na pini inatoka nzima, tayari kutumika tena. Fundi mwenye haraka hafanyi hivyo. Anachokonoa vyote kwa pamoja na bisibisi bapa, kijiti kinakatika, ala inapasuka. Gari likimwagwa oili mara tatu kwa mtindo huo, kava limebaki linashikiliwa na bolti mbili. Ya nne wanalifunga kwa waya. Hapo ndipo linapoanza kuning'inia, kukwaruza kwenye matuta, kupiga kelele gari likifika mwendo wa 60, na mwenye gari mwenyewe, akiwa amechoka, anaomba litolewe. Sifa mbaya ya kava imetokana zaidi na namna lilivyofunguliwa kuliko namna lilivyoundwa.

Sasa fikiria kilicho juu yake. Chukua injini ya 1NZ ya Toyota, ambayo hakuna fundi wa mtaani asiyeijua, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye IST nyingi, Probox, Fielder na Premio za cc 1500. Ubavuni mwa injini hiyo kuna mkanda wa nje, na mkanda huo huo ndio unaozungusha altaneta, pampu ya maji na kompresa ya AC. Kompresa hukaa chini, mbele, sehemu ambayo tairi na upepo wa barabarani hurushia kila kitu. Kava likiwapo, maji ya dimbwi yanapiga plastiki na kurudi chini. Lisipokuwapo, yanapiga mkanda na puli, na mkanda uliolowa huteleza. Ile sauti kali ya kulia asubuhi ya mvua wengi wanaijua. Maji yenyewe hukauka. Kinachobaki ni mchanga uliokuja nayo, unaoingia kati ya mkanda na mifereji ya puli na kuisaga pande zote mbili kila injini inapozunguka. Mkanda ukikatika safarini, kinachosimama si taa na AC peke yake. Pampu ya maji nayo imesimama, na dereva asiyeangalia geji ataendelea na safari mpaka silinda hedi ipinde.

Mchanga na vumbi ni jambo ambalo wataalamu wa Nagoya, kule Japani, hawalioni kila siku kama tunavyoliona sisi. Barabara za changarawe na udongo mwekundu hutoa vumbi laini sana, na altaneta, kwa umbile lake, ina matundu ya kuvuta hewa ili ijipoze. Inavuta hewa yoyote iliyo jirani. Vumbi hilo likikutana na unyevu au mafuta kidogo hugeuka tope zito, likagandamana kwenye kaboni, beringi na ndani ya soketi za sensa. Pwani kuna chumvi pia, na mtu aliyewahi kufungua soketi ya gari lililoishi Tanga au Unguja ameiona ile kutu ya kijani kwenye pini za shaba. Fundi wa umeme atabadilisha altaneta, atatoza haki yake, na hatasema kwamba chanzo ni kile kipande cha plastiki kilichoachwa gereji mwaka juzi, kwa sababu hata yeye hajui kwamba kiliwahi kuwapo. Kutojua huko ndiko kunakoufanya mjadala huu uwe mgumu. Faida ya kutoa kava inaonekana palepale, na hasara yake inakuja polepole ikiwa imevaa jina lingine.

Nao wanaosema ni kava la theluji wangefanya vizuri kutazama magari yanayouzwa mapya kwenye joto kali. Land Cruiser Prado linalouzwa Muscat au Dubai, ambako hewa ya kiangazi hupita nyuzi 45, linatoka kiwandani na kinga zake chini ya injini. Huko hakuna theluji ya kuzuia. Hoja hiyo ya theluji tunaifahamu kwa sura nyingine pia, maana ndiyo iliyotolea themostati kwenye maelfu ya magari yetu. Themostati nayo iliitwa kifaa cha nchi za baridi, ikatupwa, na injini zikabaki zinafanya kazi chini ya joto lake sahihi, zikila mafuta zaidi na kuchafua oili mapema. Baada yake likatolewa kava la feni, kisha masega ya bomba la moshi. Sisemi kila kilichowekwa na kiwanda ni kitakatifu. Nasema kwamba anayetaka kutoa kitu kwenye gari la mwenzake ndiye mwenye mzigo wa kueleza kazi ya kitu hicho kabla ya kukitoa, na "huku hakina kazi" si maelezo.

Hoja ya hewa inastahili jibu refu, kwa sababu inaingia akilini kirahisi: injini ni moto, kava limeifunika chini, basi ukiliondoa itapoa. Lakini injini ya maji haipozwi na hewa inayoipiga chini. Inapozwa na maji yanayopita kwenye rejeta, na rejeta inapozwa na hewa inayopenya kutoka mbele. Hewa hiyo ikishapita kwenye kondensa ya AC na rejeta huingia kwenye chumba cha injini, na ili nyingine iweze kuingia, hiyo ya kwanza lazima itoke. Njia yake kubwa ya kutokea ni chini, kuelekea nyuma. Kava linazuia hewa ya barabarani isipande juu kuingia chumbani humo, hivyo chumba kinabaki na nafasi ya kupokea hewa iliyopita rejetani. Ondoa kava, na gari likiwa kwenye mwendo wa safari hewa ya chini inajaa mle ndani na kuisukuma ile inayotaka kupita kwenye rejeta. Ni sawa na daladala yenye mlango mmoja: wanaoshuka hawashuki ikiwa wanaopanda wameshaanza kusukumana. Kwenye foleni hali ni tofauti kidogo, kwa sababu gari limesimama na hewa inavutwa na feni. Hapo kipande cha mbele cha kava, pamoja na mipira inayoziba pembeni mwa rejeta, ndivyo vinavyoizuia hewa ya moto iliyokwisha kupita isigonge lami na kuzunguka kurudi mbele kuvutwa tena. Gari ambalo AC yake inapoa vizuri likitembea na kuwa vuguvugu kwenye foleni ya Ubungo, Dar es Salaam, lina sababu nyingi zinazowezekana, na hii ni mojawapo ambayo watu hawaitafuti kabisa.

Niwe mkweli kuhusu ukubwa wa tofauti hiyo. Magari mengi hayatachemsha siku kava lilipotolewa, wala wiki inayofuata. Mfumo wa kupoza umeundwa na akiba, feni itafanya kazi zaidi, na geji itabaki pale pale katikati. Ndiyo maana fundi anaweza kusema kwa moyo safi kwamba ametoa makava mengi na hakuna gari lililorudi likichemsha. Ushahidi wake ni wa kweli, ila unathibitisha kidogo kuliko anavyodhani. Akiba iliyoliwa haionekani mpaka itakapohitajika: rejeta ikiwa imeziba nusu kwa uchafu, gari limebeba watu watano na mizigo, linapanda mlima Kitonga mchana wa jua, AC ikiwa imewashwa. Ni kweli pia kwamba kiwanda hakikuweka kava kwa ajili ya mkanda na altaneta peke yake. Kiliweka ili upepo upite vizuri chini ya gari na matumizi ya mafuta yapungue, na ili kelele ya injini ipungue. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, yaani gari likienda 100 badala ya 50 upinzani unakuwa mara nne, na kwa hiyo faida ya mafuta ni ya barabara kuu. Anayezunguka Kariakoo na Mbagala hataiona. Sitaitumia kumshawishi.

Oili kuvuja ndiyo hoja yenye uzito. Gari lisilo na kava likivuja, asubuhi utaona tone sakafuni. Lenye kava litavujia kwenye plastiki kwa wiki kadhaa kabla hujaona kitu, na kama kava lina kitambaa cha kupunguza kelele upande wa juu, kitambaa kitalinyonya tone na kulificha kabisa. Hili ni kweli. Lakini angalia linadai nini: linadai kwamba njia ya kujua kiasi cha oili ni kutazama chini ya gari. Njia hiyo haitoshi hata kwa gari lililo wazi, maana injini inaweza kula oili ikaichoma bila kudondosha hata tone moja, jambo ambalo si geni kwa injini zenye umri. Stiki ya oili ipo, na kuivuta kila wiki gari likiwa limesimama sehemu tambarare ni kazi ya dakika moja. Tena kava lililosafishwa ni shahidi mzuri kuliko sakafu. Ukilifungua kwenye sevisi, doa lililo upande wa juu linakuonyesha mahali oili inapoangukia: karibu na puli, shuku sili ya krenki, karibu na nati ya sampo, shuku washa iliyofungwa vibaya mara iliyopita, likisambaa mbele, tazama filta. Gari la wazi halikuachii alama kama hiyo, kwa sababu upepo wa safari umeshaipaka oili chini kote mpaka kwenye boksi la gia, na fundi anabaki kubahatisha.

Wapo wanaotaja moto, na hao siwabezi. Kitambaa kilicholowa oili, tambara lililosahauliwa na fundi, nyasi kavu zilizojaa juu ya kava baada ya kupita njia ya shambani: hivyo vyote vinaweza kushika moto karibu na bomba la moshi. Dereva anayepita kwenye nyasi ndefu mara kwa mara ana wajibu wa kuchungulia na kuzitoa. Hata hivyo kuondoa kava hakumwondolei hatari hiyo. Sehemu zenye moto mkali zaidi kwa chini ni bomba la moshi na masega yake, ambayo kwa kawaida hayafunikwi na kava hilo la plastiki hata kidogo, na nyasi ndefu zitayagusa kava liwepo lisiwepo. Tiba ya kava chafu ni kulisafisha. Maji, sabuni na brashi vinatosha, na kitambaa kilichokwisha kunywa oili kikatwe na kutupwa.

Pana hali moja ambayo ninakubaliana na wanaolitoa, na hapo sisiti. Kava lililopasuka, linaloning'inia upande mmoja, litolewe leo hii. Likiinama mbele litachota upepo na kung'oka katikati ya barabara, na nyuma yako anaweza kuwa bodaboda mwenye abiria. Hilo ni suala la usalama wa watu, linatangulia altaneta yoyote. Ila kulitoa kwa sababu limevunjika si sawa na kuamua kwamba gari halilihitaji. Litolewe, litafutwe lingine. Na tusilidai lifanye lisiloweza. Plastiki haizuii jiwe kupasua sampo, na kwenye mafuriko, pale Jangwani, Dar, maji yanapofunika barabara ya Morogoro, au Nairobi kama ilivyokuwa Aprili 2024, maji yakifika kwenye mdomo wa filta ya hewa hakuna kava litakaloiokoa injini. Anayeishi vijijini, kwenye njia za mawe, ana haki ya kuwaendea wachomeleaji wamtengenezee bamba la chuma. Ahakikishe tu kwamba lina matundu ya kutolea maji na nafasi ya kufikia nati ya oili, na kwamba limefungwa kwenye chesisi wala halikuning'inizwa kwenye bampa. Bamba bila matundu ni beseni la tope, na uzito wake wote unabebwa na springi za mbele.

Najua fundi atasema nini akisoma haya, na atakuwa na haki. Gereji nyingi za mtaani hulipwa kwa kazi, si kwa saa. Kumwaga oili kuna bei yake, na bei hiyo mteja ameshaipunguza kwa maneno kabla gari halijapanda kwenye shimo. Kufungua kava lenye pini nane, kulisafisha, kulirudisha na kununua pini mbili zilizokufa ni muda ambao hakuna aliyeulipia, huku mteja amesimama pembeni anaangalia simu na kuuliza kama bado. Katika hali hiyo kuliacha kava ukutani ni uamuzi wenye akili kabisa kwa fundi. Kumlaumu bila kugusa malipo yake ni kupoteza muda. Baadhi ya makava yana kidirisha cha kufikia nati ya sampo na filta bila kufungua kava zima, na kwa gari la namna hiyo udhuru wa muda unapungua sana. Yasiyo nacho yanahitaji mteja aseme mapema kwamba kava litarudi na pini zake zote, na aongeze kitu kwenye bei kwa ajili hiyo. Pini huuzwa kwenye maduka ya spea, na Kirinyaga Road, Nairobi, au Gerezani, Dar, huwezi kutembea mbali bila kuziona. Makava yaliyotumika yanapatikana kwa wanaouza vipande vya magari yaliyokatwa, lakini nenda na namba ya chesisi au kava lako la zamani mkononi, kwa kuwa la modeli moja mara nyingi halikai kwenye nyingine hata kama kwa macho yanafanana.

Anayenunua gari lililokwisha kutumika hapa hapa nchini ana sababu ya ziada ya kuinama na kutazama chini. Kava likiwapo na pini zake zote, gari limepitia mikono ya mtu aliyerudisha alichofungua, na huenda alifanya hivyo kwingine pia. Likiwa limefungwa kwa waya, ujue gari limepitia gereji za haraka. Lisipokuwapo kabisa, mwambie muuzaji awashe injini na AC, usikilize beringi za altaneta na kompresa, umulike mkanda kwa tochi uone kama mifereji yake imemeguka, na bei mnayozungumza itoke kwenye mlichokikuta hapo.